Uzi: Siku ya mtaa imekaribia na sosho (ukumbi wa jamii) hatujapewa, nisaidieni mawazo

JiraniMwema: Wadau habari za jioni. Mimi niko kwa kamati ya mtaa huku Eastlands, Nairobi, mtaa wenyewe naomba nisiutaje. Likizo hii ya Agosti tumepanga siku ya wakaazi, asubuhi tunazibua mitaro, alafu watu wapimwe presha na sukari, watoto wasomewe hadithi ndani ya sosho na jioni tumalizie na mpira. Shida ni sosho ni ya kaunti, barua nilipeleka na karani kila nikienda ananiambia mkubwa ametoka kidogo. Juu ya hiyo mweka hazina wetu, mama mmoja tunamheshimu sana, amekataa kuweka sahihi kwa barua ya pili, na bila yeye inaonekana ni kama hii kitu ni yangu peke yangu. Usingizi umeisha. Nimfuate nani ndio barua isonge?

BabaShiru_Umoja: Kwanza mitaro. Sisi huku tulitoa matope mchana mzima, vijana na gambuti za kuazima, tukapanga marundo kando ya barabara tukapiga na picha. Lori la taka halikuja. Mvua ikanyesha ikarudisha yote ndani na ikaongeza godoro la mtu. Ongea na watu wa lori kabla hujashika koleo.

MamaWawili: Ya presha usikodi mtu. Wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba na serikali 2023 wako na mashine ya presha na ya sukari na wanajua mpaka nani anakunywa dawa nani ameacha. Mwambie wa kwenu mapema aje na wenzake. Na watu wabebe vitambulisho wasajiliwe SHA, bima ya afya ya serikali, hapo hapo, juu wengi tangu ile ya zamani, NHIF, iondoke Oktoba 2024 wanangoja wagonjwe ndio wakumbuke, mimi ndugu yangu tulimsajili akiwa ameshika mkono umevunjika na ile namba ya siri ikatumwa kwa simu ambayo ilikuwa imepasukia kwa ajali hiyo hiyo ya boda, wacha tu.

KaloBorn: Mmenikumbusha nyumbani. Sosho ya Kaloleni wazee waliita bunge, kabla ya uhuru siasa za Nairobi zilikuwa zinapikwa pale ndani. Na maktaba tunayo, ni tawi la McMillan, ile ya mjini iliyofunguliwa 1931. Makadara wako na lao pia. Kama ni hadithi za watoto, si uwapeleke kwenye vitabu viko, kuliko kubembeleza karani?

JiraniMwema: Asanteni wote. Maktaba ni mbali na kwetu, kuvusha watoto wadogo Jogoo Road siwezi. Narudia tu swali, barua nimpelekee nani?

NyarJericho: Huyo mama umempita mbio sana. Mweka hazina hakatai sahihi bure. Alisema nini?

JiraniMwema: Ni mambo madogo, hapendani na mdhamini.

NyarJericho: Mdhamini? Huko juu umetaja mitaro, presha, hadithi na mpira. Mdhamini ametoka wapi?

JiraniMwema: Sawa. Kuna mtu amejitolea tenti, viti, spika na jezi za timu zote. Anaangalia kiti cha MCA (mwakilishi wa wadi) 2027, lakini hatahutubia, atasalimia tu. Na kabla mniulize, ndio, ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu. Sioni ubaya. Wakaazi tuliwaomba hamsini hamsini, pesa iliyoingia haikodishi ata sufuria ya pilau. Walionyamaza wakati wa mchango leo ndio wako na maoni. Na jezi zishachapwa, ziko kwa gunia hapa sebuleni.

KijanaDando: Zimechapwa nini?

JiraniMwema: Picha yake na maneno machache.

KijanaDando: Picha kubwa kiasi gani?

JiraniMwema: Fundi alitumia saizi moja ya picha kwa jezi zote. Kwa zile za watoto wa miaka minane kidevu kinaingia ndani ya kaptura.

KijanaDando: 😂😂😂 Manze mtoto akifunga goli akiinua jezi afiche uso, mheshimiwa mtarajiwa anaangalia mbingu.

KaraniMstaafu: Nimefanya kazi ofisi za namna hiyo miaka mingi, sikiliza bwana. Sheria ya utulivu wa umma inataka OCS, mkuu wa kituo cha polisi, apewe ilani ya mkutano wa hadhara siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe. Shughuli ambayo ni ya kijamii, michezo au hisani tupu haimo kwa hiyo sharti. Tupu, umesikia? Ukishavalisha watoto uso wa mgombea, hiyo si michezo tupu tena, na hapo ndipo karani anaanza kukwambia mkubwa ametoka. Hakukataa barua, anangoja uchoke. Swali lingine, kikundi chenu kina cheti cha ofisi ya maendeleo ya jamii? Sheria ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Barua ya kikundi kilichosajiliwa na barua ya mtu na shemeji yake hazisomwi sawa.

JiraniMwema: Cheti tuko mbioni. Na hao 10 tunafika tukihesabu walio kwa grupu ya WhatsApp.

NyarJericho: Kwa hivyo huyo mama anaambiwa aweke sahihi kwa niaba ya kikundi ambacho hakipo, kwa shughuli ya shemeji yako. Mimi pia ningekataa, na kalamu ningeficha.

Ustadh_SouthB: Ndugu yangu, ukimpa mtu chakula na ukakibandika picha yako, hapo umempa mzigo abebe. Mkatalie shemeji kwa adabu, dada yako ataelewa.

JiraniMwema: Dada yangu ndiye alichagua rangi ya jezi, ustadh.

ZiwaniDamu: Nyinyi mnaongea jezi, mimi nilikulia Umeme Grounds nikitazama Koth Biro, yale mashindano ya mpira wa mtaani. Watu wamejaa mpaka juu ya mabati, na anayekumbukwa ni aliyefunga, hakuna anayekumbuka jezi ilitoka wapi. Pigeni mpira.

JamaaWaNyuma: Wasee mnachezwa. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Mtaa hautajwi. Shemeji hatajwi. Ngojeni kesho mtaona mtu mwingine anauliza "kwani ni nani huyo kiongozi anayejali watoto", alafu bango linatua. Hii stori imetungwa kwa ofisi ya kampeni.

MamaWawili: Eeh, na mimi nimemwaga ya mkono wa ndugu yangu hapa bure!

BabaShiru_Umoja: Hapana, kampeni gani inajitungia jezi ya kidevu kwa kaptura? Mshauri wa hivyo angefutwa asubuhi.

JamaaWaNyuma: Hiyo ya kidevu ndio chambo. Ucheke usahau kuuliza.

KijanaDando: Ama ametumwa na mpinzani wa huyo shemeji. Fikirieni pia hivyo.

KaloBorn: Si ni yule wa kugawa matenki ya maji? Ako na gari nyeupe?

JiraniMwema: Hajagawa matenki. Na akaunti ni mpya kwa sababu ya zamani niko na majirani huko, nitaandika aje mambo ya mweka hazina akisoma? Sijaitisha kura ya mtu. Niliuliza barua.

KaraniMstaafu: Ya kweli au ya uongo, ushauri ni ule ule. Tafuta cheti, barua iwe na sahihi tatu, jezi ziwe tupu.

JiraniMwema: Karani amepiga simu sasa hivi. Jumamosi hiyo sosho ilishalipiwa na watu wa harusi, inaonekana tangu zamani, ni vile tu hakuniambia. Tunaangalia uwanja wa kanisa. Pasta hana neno, ila anataka kujua mdhamini ni nani.

NyarJericho: Umemwambia?

JiraniMwema: Nimemwambia ni familia.