Rekodi hazitoki kwa mpangilio nilioziingiza (PostgreSQL), msaada wakuu

koda_wa_bati: Wakuu habari za leo. Nimetengeneza mfumo wa mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi, natumia PostgreSQL (programu ya databesi), tebo (jedwali la data) ina namba ya risiti, bidhaa, idadi na bei basi, kila risiti rekodi moja. Siku zote SELECT * FROM mauzo (amri ya kusoma rekodi zote) inaleta vizuri tu kama zilivyoingia, sasa juzi nimerekebisha bei ya simenti kwenye risiti moja ya zamani, kufungua naikuta iko chini kabisa mwisho wa listi! Mwenye duka anasema nimemvurugia mahesabu na mimi nimegusa bei moja tu. Shida nini?

mzee_wa_kwery: Data yako iko salama, usiogope. Tebo haina foleni mkuu, usipoandika ORDER BY (panga kwa kufuata kolamu fulani) databesi inakuletea kwa njia iliyo nyepesi kwake. Postgres ukifanya UPDATE (kurekebisha rekodi) haiandiki juu ya ile ya zamani, inaandika toleo jipya la rekodi penye nafasi, ndo maana simenti imehamia chini. Halafu VACUUM (usafishaji wa matoleo ya zamani) ikishapita zile nafasi zilizoachwa zinajazwa na rekodi mpya, utakuja kukuta mauzo ya leo katikati ya mwezi uliopita. Weka kolamu: id bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY (namba ambayo databesi inaitoa yenyewe kwa kila rekodi), kisha ORDER BY id kila unaposoma.

dada_wa_databesi: Subiri kwanza kaka usiiongeze hivi hivi!! Ukiweka id kwenye tebo yenye data tayari, za zamani zitapewa namba kwa jinsi zilivyokaa kwenye diski sasa hivi, hiyo simenti itapewa namba ya mwisho na utakuwa umeligandisha kosa. Risiti zinafuatana?

koda_wa_bati: Zinafuatana dada, ila niliihifadhi kama teksti, nikipanga inakuja 1, 10, 11, 2

dada_wa_databesi: Basi umepona. Tengeneza tebo mpya yenye id, hamisha kwa INSERT INTO ... SELECT ... ORDER BY risiti::integer, yaani risiti isomwe kama namba, si teksti. Ongeza na kolamu ya muda, DEFAULT now() (ijijaze muda yenyewe), ila usiitegemee peke yake, now() ni saa transakshen (kundi la amri zinazokamilika kwa pamoja) ilipoanza, kwa hiyo rekodi kumi za transakshen moja zote zina muda uleule. Panga kwa muda halafu id.

koda_wa_bati: Imekubali, asanteni sana, mwenye duka ametulia. Ila leo id imeruka kutoka 412 kwenda 414, kuna rekodi imepotea?

mzee_wa_kwery: Si lazima, huenda kuna INSERT (kuingiza rekodi) ilifeli hapo. Namba ikishatolewa hairudi. Mpangilio wako uko sawa.