Mrejesho: faksi iliyokuwa ikikatika katikati ya ukurasa

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini faksi yangu inakatika kabla ya kumaliza ukurasa, na kama naruhusiwa kuiunga mwenyewe. Asanteni sana, imepona.

Kumbe laini hiyohiyo ya simu inabeba intaneti ya DSL (inayopita kwenye waya wa simu), na faksi haikuwa na kichujio, kile kifaa kidogo kinachozuia mawimbi ya intaneti yasiingilie faksi. Nimekiweka kati ya tundu la ukutani na mashine, kurasa kumi zimepita bila kukatika.

Aliyenionya nisimenye waya ukiwa umeungwa, Mungu akubariki. Laini ikiwa imetulia ina takriban volti 48, lakini simu inapoita hupanda hadi karibu 90, na hizo zinarusha mtu. Nilichomoa kwanza. Pia nimenunua kinga ya radi inayolinda umeme na laini ya simu kwa pamoja. Ya umeme peke yake haitoshi, maana radi huingia pia kwa waya wa simu.

Kuhusu sheria: mashine ina lebo ya idhini ya mamlaka ya mawasiliano, kwa hiyo kuichomeka kwenye tundu ni halali. Nyaya za kampuni ya simu, upande wa nje, sikuzigusa.