UZI: Eti "mnakua kwa kunitazama". Staa wetu kanichosha!

Nimetoka uwanjani sasa hivi, viatu bado vina vumbi. Jina sitaji. Mnaofika Jumamosi kwenye saruji ya kikapu ya Ntinda, Kampala, mnamjua: soksi ndefu mguu mmoja, na mpira haujawahi kumtoka mkononi tangu Uganda ipate uhuru.

Tuko 40 kwa 40. Zimebaki sekunde nane. Mimi niko kona ya kushoto peke yangu. Peke yangu kabisa, ningeagiza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ikakaangwa, nikala, nikanawa. Mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Yeye kakabwa na watatu, anarusha. Mpira haukugusa hata chuma, umetua kwenye beseni la mama wa maembe.

Mtu hukosa, sawa. Nikamuuliza kwa adabu, "Kaka, hukuniona?" Akanijibu mbele ya watoto wa mtaa NA shemeji yangu: "Nyinyi mnakua kwa kunitazama."

KWA. KUMTAZAMA. Kwani mimi mche wa nyanya, yeye jua?

Miaka mitatu nacheza naye. Nimejifunza nini? Kukimbia kwenda, kukimbia kurudi. Dogo wetu alikuja anadunda kwa mikono yote miwili, siku hizi akipewa pasi anashtuka kama kaletewa bili ya umeme. Fainali ya kikapu ya Marekani 1997 Michael Jordan alibanwa, akampa mwenzake Steve Kerr, Kerr akatia, Chicago wakabeba kombe. Jordan! Huyu wetu ana pointi 9 kwa mitupo kama 30, eti tumtazame. Na mimi niko kona. Peke yangu.

Mdunda_Usiku: Jordan huyohuyo alimtwanga Kerr ngumi mazoezini 1995. Unataka pasi tupu au na ngumi yake?

Saruji_Moto: Kobe Bryant alitia pointi 81 mechi moja mwaka 2006 na timu yake Lakers wakashinda. Wenzake hawakufungua uzi.

Mwenye uzi: Ya Kobe ilikuwa INAINGIA, ndugu yangu.

Kona_ya_Kulia: Tusidanganyane. Jumamosi iliyopita alikupa pasi, uko peke yako vilevile, ukaipokea kwa uso.

Mwenye uzi: Jua lilikuwa machoni.

Saruji_Moto: Mche wa nyanya unalalamikia jua 😂😂

Bibi_Filimbi: Afadhali nyinyi. Mimi nilichanga 20,000 za jezi tangu Pasaka. Jezi ziko wapi?

Mdunda_Usiku: Muulize mweka hazina, juzi nimemwona na simu mpya.

Mwenye uzi: Jamani, tunaongelea KONA.

Kona_ya_Kulia: Kona ya yule wa rolex? Ameanza kuweka yai moja, mwizi yule.

Bibi_Filimbi: Wewe umepata yai! Mimi nimepewa kabichi na maneno.

Saruji_Moto: Hamieni kwa yule wa karibu na steji ya boda. Mayai mawili, chapati nene. Ila fika kabla ya saa moja, wanafunzi wanamaliza.