Tupeane uzoefu: Rimu nyepesi kwa gari lenye spidi unaloliendesha kila siku

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Naomba hapa tuongee sisi tuliobadilisha rimu kwa fedha zetu na tukakaa nazo. Gari linakupeleka kazini, linabeba watoto, linarudi na mizigo, ila ni gari lenye spidi na unapenda kona. Ukaamua kulitafutia rimu nyepesi. Ulichagua nini, wapi ulikosea, na sasa gari likoje?

Naanza mimi. Nina Golf GTI kizazi cha saba. Lilikuwa na rimu za inchi 18, tairi 225/40R18. Zilipendeza machoni, lakini kila barabara yenye viraka niliisikia mpaka kwenye meno. Kabla ya kununua chochote nilivua gurudumu moja, nikapanda nalo kwenye mizani ya chumbani nikiwa nimelikumbatia, kisha nikapanda peke yangu, nikatoa. Kilo 21.8, rimu na tairi pamoja. Nilirudia mara mbili, namba ikabaki ileile.

Nikateremka hadi inchi 17, upana 7.5, ofseti 45, yaani sehemu ya rimu inayofungwa kwenye gari iko milimita 45 kutoka katikati ya upana wake, kuelekea nje. Ni rimu ya kusubu ambayo ukingo wake huvutwa kwa rola ikiwa bado ya moto, ndiyo maana inakuwa nyembamba bila kuwa dhaifu. Rimu tupu kilo 8.1. Na tairi ya 225/45R17, jumla 17.7. Kilo nne na ushee zimeondoka kila pembe ya gari, na kipenyo cha nje kimepungua milimita 3 tu, kwa hiyo spidomita haikuyumba.

Kuhusu ulaini, nisiipe rimu sifa zote. Ukuta wa tairi umetoka milimita 90 hadi 101 na hilo linasaidia sana. Uzito ulijionyesha kwingine: katikati ya kona yenye matutamatuta madogo yanayofuatana. Zamani mkia ulikuwa unasogea pembeni kidogokidogo kwa kila tuta. Sasa gurudumu linapanda, linashuka na kukanyaga chini kabla tuta la pili halijafika. Uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Unaning'inia chini yake, na shokapu ndiyo yenye kazi ya kuutuliza. Ukiupunguza, shokapu ileile inawahi.

Karibuni.

Boksa

Ahsante mkuu kwa kuanzisha. Langu lina uchungu kidogo.

Nilikuwa na Impreza WRX ya PCD 5x100, yaani matundu matano ya nati kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Nikanunua rimu za kuiga, inchi 18, nyepesi ajabu. Kwa nyuma hazikuwa na alama ya JWL wala VIA, wala namba ya uzito zinaoweza kubeba. Niliona hayo nikiwa dukani, nikayapita.

Mwezi wa nne tairi ya mbele kushoto ikaanza kupoteza upepo. Leo najaza, keshokutwa imelegea. Fundi akatafuta msumari, hakuna. Akalitumbukiza gurudumu zima kwenye pipa la maji na kuligeuza polepole. Vipovu vikatoka upande wa ndani, kwenye mdomo wa rimu. Akafuta kwa kitambaa, tukaona mstari mwembamba kama unywele, urefu wa kidole. Akapitisha ukucha juu yake, ukucha ukanasa. Asubuhi ileile nilikuwa nimempeleka mke wangu kliniki, mjamzito wa miezi saba, kwa rimu hiyo. Fundi alikataa kuichomelea na nikamshukuru kwa hilo. Zote nne niliziondoa siku hiyohiyo.

Leo natumia Enkei RPF1 za inchi 17. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari madogo, na VIA ni alama kwamba mpimaji asiye mtengenezaji amethibitisha. Geuzeni rimu, msome nyuma. Namba ya uzito ikiwepo, tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa kwa ekseli yako nzito zaidi, gawa kwa mbili; rimu iwe na uwezo wa hapo au zaidi. Usipoiona namba, mrudishie muuzaji rimu yake.

Mama Kona

Poleni kaka, na hongera mama mtoto alifika salama.

Mimi nina MX-5 ya sasa, 4x100. Nilipata rimu za inchi 16, PCD sawa, ofseti sawa, nikajua nimemaliza. Nilipofika kilomita 95 kwa saa stelingi ikaanza kutetemeka, kufika 110 mpaka kioo cha ndani kinacheza. Nikabalansi mara tatu, sehemu tatu. Kila mmoja ananiambia magurudumu yako sawa, na kweli yalikuwa sawa.

Fundi wa nne ndiye aliyepima tundu la katikati. Habu ya gari langu, kile kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ni milimita 54.1. Rimu zilikuwa na tundu la 73.1, kwa sababu watengenezaji wengi huliacha pana ili rimu ivae magari mengi. Gurudumu langu lilikuwa linaning'inia kwenye nati peke yake, na aliyelifunga aliibana nati ya kwanza kwa mashine mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine, hivyo likakaa pembeni kidogo ya kitovu chake. Tukaweka pete za kujazia ile nafasi, gurudumu likafungwa likiwa hewani, nati zikabanwa kwa kupishana kama nyota kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kubana. Mtetemo ukaisha jioni ileile. Ndugu zangu, pimeni tundu la katikati siku ileile mnapouliza PCD.

Nati Nne

Mama Kona umenigusa kwenye nati. Civic yangu ilinipa funzo hilo.

Nati za kiwandani za Honda, sehemu inayogusa rimu imeviringana kama mpira. Rimu nyingi za kununua pembeni zina tundu lenye umbo la pia. Nilitumia nati za zamani kwenye rimu mpya; zikabana, zikaonekana ziko sawa. Siku ya nne nikaanza kusikia tik, tik, tik kwenye mwendo mdogo nikikata kulia. Nikasimama. Nati mbili nilizigeuza kwa vidole. Matundu yalikuwa yameshaanza kuchimbika, na unga wa aloi unang'aa pembeni yake.

Basi: nati za umbo la pia, pembe ya nyuzi 60, kama rimu yako inataka hivyo. Uzi wa skrubu nao usikosewe. Honda, Toyota na Mazda nyingi ni M12x1.5 (unene milimita 12, nafasi kati ya uzi na uzi 1.5), Subaru nyingi ni M12x1.25, na ukilazimisha unaharibu stadi, ile skrubu inayoshika nati. Kisha baada ya kilomita 80 hadi 100 rudi ukabane tena. Nati za zamani usizitupe, rimu ya akiba huenda bado inazitaka.

Kalipa Kubwa

Kwa wenye breki kubwa: kipenyo cha rimu hakitoshi kukuhakikishia, umbo la spoku nalo lina neno lake. Rimu mbili za inchi 17 zenye ofseti moja, moja ikapita kwenye kalipa zangu, yaani vile vibano vya breki, nyingine ikagusa. Wauzaji wazuri wanatoa mchoro wa kuchapisha kwa kipimo halisi. Kata kwenye kadibodi, uweke juu ya kalipa. Na ukishafunga, mwambie anayebalansi abandike vile vipande vya uzito mbali na kalipa. Vyangu vilikwanguliwa siku ya kwanza.

Njia ya Vumbi

Nawasoma kwa makini. Mimi nilikwenda juu kabisa, nikachukua Volk Racing TE37. Kwa msiojua, rimu hiyo ilitoka 1996 na hiyo 37 inatokana na kilo 3.7, uzito wa ile ya inchi 15 kwa upana wa 6. Ni rimu za kufua: aloi hukandamizwa kwa nguvu kubwa sana, ikashikana, hivyo chuma kidogo kinabeba mzigo mkubwa. Nimepita kwenye mashimo nazo, hazijapinda.

Kosa langu lilikuwa kwenye tairi. Nilinunua zenye kuta ngumu kwa kupenda mshiko, sikuzipima. Kila moja ilizidi ya zamani kwa kilo 1.6, na rimu ilikuwa imeniokolea kilo 2. Tena uzito umerudi pabaya, kwa sababu sehemu inayokanyaga barabara ndiyo iliyo mbali kabisa na kitovu. Kwenye kitu kinachozunguka, umbali ukiwa mara mbili, uzito uleule unasumbua mara nne. Gari lilikuwa zito kuondoka kwenye taa, nikajiuliza fedha yote ile imekwenda wapi. Nilipobadilisha tairi ndipo nikaionja rimu yenyewe.

Mtu akiniuliza leo, kwa gari la kila siku namwambia achukue rimu nzuri ya kusubu na rola, salio aliweke kwenye tairi. Ya kufua ni tamu, ila tairi mbovu inaila yote.

Mgeni wa 86

Wakubwa shikamooni. Nina Toyota 86 ya kwanza, rimu ni 17x7 ofseti 48, tairi 215/45R17. Nimepata 17x8 ofseti 38, PCD 5x100 na tundu 56.1. Abiria wa nyuma huwa nabeba wadogo zangu. Itagusa?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Fanya hesabu hii. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 12.7 kila upande. Ofseti imeshuka 10, hiyo inasukuma gurudumu zima nje. Kwa hiyo nje utaongezeka milimita 22.7, ndani 2.7. Ukiwa na wadogo zako nyuma, gari likikaa chini kwenye tuta, fenda itakuwa karibu mno na tairi.

Tafuta 17x8 ofseti 45. Nje inakuwa 15.7, ndani 9.7. Huo upande wa ndani ndio wa kuangalia sasa: vua gurudumu la mbele? Hapana, liache limefungwa, gari likiwa chini, upime nafasi kati ya tairi na shokapu. Ukilivua baadaye, lipande nalo kwenye mizani.

Mgeni wa 86

Nimetoka kupima sasa hivi. Mbele kuna milimita 21 mpaka kwenye shokapu, pande zote mbili sawa. Gurudumu kilo 19.2. Zile za 38 nimemwambia auze tu, naagiza za 45, na nyuma nimemwomba anipigie picha ya alama na namba ya uzito kabla sijalipa.