Vidio zinacheza fresh ila vijipicha havionekani kwenye folda

mzururaji88: Wakuu habari za saa hizi. Nina folda ya vidio kama 300, nyingi nilirekodi kwa simu nikahamishia kwenye kompyuta, Windows 10. Zamani nikifungua naona kijipicha cha kila vidio, sasa hivi nusu ziko poa na nusu zinaleta ile koni ya VLC (programu ninayochezea vidio) tu, na majina yenyewe ni VID halafu namba ndefuuu, yani kutafuta moja mpaka nifungue moja moja. Na zote zinacheza vizuri! Nimerestati mpaka nimechoka.

Nyundo: Mkuu nenda View, weka Large icons, ukiwa kwenye List vijipicha havitoki. Halafu kwenye Folder Options angalia "Always show icons, never thumbnails", kama ina tiki itoe.

mzururaji88: Large icons ipo na tiki haipo. Si nimesema nusu zinaonekana lakini?

bibi_kodeki: Hiyo nusu ndo jibu lenyewe. VLC inatembea na kodeki zake mfukoni, yani vile visimbuzi vya kusoma vidio, ndo maana inacheza karibu kila kitu, ila folda haiiulizi VLC, inategemea kodeki za Windows. Simu nyingi za siku hizi zinarekodi HEVC, yani H.265, ili faili liwe dogo, za zamani zilikuwa H.264, na zote mwisho zinaweza kuandikwa .mp4 kwa hiyo kwa jina huwezi kujua ipi ni ipi. Cheza moja isiyo na kijipicha kwenye VLC, bonyeza Ctrl+J, soma palipoandikwa Codec. Ukikuta hevc weka Icaros, ni programu ya bure ya kuonyesha vijipicha vya vidio kwenye folda. Baada ya hapo fungua Disk Cleanup ya Windows, tiki Thumbnails (ndo vijipicha), safisha, la sivyo Windows itaendelea kukuonyesha koni iliyoihifadhi.

pengwini_mkavu: Wa Linux tusisahaulike, huku programu ya vijipicha vya vidio ni ffmpegthumbnailer. Ukishaiweka futa folda ya ~/.cache/thumbnails/fail, faili likishafeli mara moja jina lake linakaa humo na halijaribiwi tena. Mi iliniliza wiki nzima.

mzururaji88: Ni hevc kweli! Nimeweka Icaros nikasafisha, zote zimerudi isipokuwa tatu ni nyeusi tiii.

bibi_kodeki: Hizo zitakuwa na giza pale kijipicha kinapochukuliwa. Kwenye mipangilio ya Icaros kuna sehemu ya kusogeza hapo mahali mbele, kwa asilimia ya vidio. Ongeza kidogo, safisha tena.