Mota na rimoti ya mlango wa gereji: nibadilishe kipi?

Mkazi wa Riat, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Nyumba tuliyohamia huku Riat ina mlango wa gereji wa vipande unaopanda hadi darini, na mota ya zamani ya mnyororo aliyoifunga mwenye nyumba wa kwanza. Kila rimoti ina swichi ndogo kumi ndani yake, na mpangilio wa swichi hizo ndio msimbo wenyewe. Juma lililopita nilimpelekea fundi wa funguo mjini rimoti moja anitengenezee nyingine, naye akainakili kwa muda usiofika dakika moja. Tangu siku hiyo sina amani, kwa kuwa mlango wa kutoka gereji kuingia jikoni hatujawahi kuufunga kwa ufunguo, na watoto hulala upande huo. Shemeji yangu aliyeko Marekani amejitolea kunitumia mota mpya pamoja na rimoti zake. Je, niikubali? Na radi za huku kwetu itazihimili?

Fundi wa umeme, Kondele
Ndugu, wasiwasi wako una msingi. Swichi kumi za kuwasha na kuzima hutoa michanganyiko 1,024 pekee, na rimoti hutuma mchanganyiko uleule kila unapobonyeza, kwa hiyo aliyeunasa mara moja anao siku zote. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama, Samy Kamkar, alionyesha kwamba hata bila kunasa chochote, kifaa cha kuchezea watoto kilichobadilishwa programu kinaweza kupitia misimbo yote ya aina hiyo kwa sekunde chache. Rimoti ya msimbo unaobadilika hutuma msimbo mpya kila inapobonyezwa, na kipokezi, yaani kifaa kinachopokea amri ya rimoti kwenye mota, hukataa ule uliokwisha kutumika.

Shemeji mshukuru, lakini asitume. Mota za Marekani hutengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60, ilhali wetu ni volti 240 na hezi 50. Transfoma itashusha volti, ila hezi haitazigusa, na mota isiyoundwa kwa hezi 50 huzunguka polepole na kupata joto kupita kiasi. Isitoshe, rimoti za huko nyingi hutumia masafa ya megahezi 315 au 390, na nyingi zinazouzwa hapa ni za 433.92, kwa hiyo ukipoteza moja utahangaika kupata nyingine.

Kama mota yako bado ina nguvu, iache. Nunua kipokezi cha nje cha msimbo unaobadilika pamoja na rimoti zake, kisha fundi akiunganishe sambamba na waya za kitufe cha ukutani, kwa sababu mota haijui kama amri imetoka kwenye kitufe au kwenye kipokezi. Baada ya hapo, na hili ndilo wengi husahau, kipokezi cha zamani kiondolewe au kikatwe umeme. Kikiachwa hai, yeyote mwenye nakala ya rimoti ya zamani ataendelea kuingia kama kawaida.

Mstaafu, Milimani, Nakuru
Mwanangu, kabla hujatumia shilingi, pima mlango wenyewe. Ukiwa umefungwa, vuta kamba nyekundu ya kuutenganisha na mota, halafu uinue kwa mkono hadi kiunoni na uushikilie kwa upole. Mlango ulio sawa hubaki hapo. Ukielemea chini, springi zimechoka, na mota ndiyo inayobeba mzigo usiokuwa wake. Mimi niliunguza mota mbili kabla ya kuelewa hivyo. Springi usiziguse wewe mwenyewe, kwa maana zimekazwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono. Mwite fundi anayezifahamu.

Kwa kuwa una watoto, angalia pia kama kuna macho ya usalama, yale yanayotazamana pande mbili za mlango na kuurudisha juu mwale wake ukikatizwa. Marekani ilidai ulinzi wa namna hiyo kwa mota mpya za nyumbani tangu 1993, baada ya watoto kufa chini ya milango. Yafungwe yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, ili yamwone hata mtoto anayetambaa.

Mwalimu, Kakamega
Kuhusu radi, sisi huku tunaijua. Hakikisha waya wa ardhini wa nyumba uko salama, weka kinga ya mawimbi ya umeme kwenye soketi ya mota, na mawingu yakikusanyika alasiri, ichomoe. Siku utakapobadilisha mota, tafuta ya volti 24 yenye betri ya akiba, kwani umeme hukatika mvua ikianza tu.

Mkazi wa Riat, Kisumu
Nawashukuru sana. Nilifanya kipimo cha Mama wa Nakuru, na mlango ulishuka mara moja, kwa hiyo springi zitabadilishwa Jumamosi, kisha kipokezi kipya kifungwe. Mlango wa jikoni sasa tunaufunga kila usiku. Swali moja limebaki: rimoti mpya ikipotea, itanibidi ninunue kipokezi kingine?

Fundi wa umeme, Kondele
Hapana. Futa kumbukumbu yote ya kipokezi kwa kitufe chake, kisha usajili upya zile zilizobaki mkononi mwako. Iliyopotea haitafungua tena.