Bati la chuma cha pua la milimita 1.5: ninunue plazma au nipeleke kwa leza?

Muulizaji, Kariobangi

Habari zenu, ndugu mafundi. Nina karakana ndogo ambako mimi na vijana wangu wawili tunaunda meza za jikoni na makabati ya chipsi. Karibu kazi yote ni bati la chuma cha pua la milimita 1.5, na mara chache tunahitaji vipande vya chuma cha kawaida vya milimita 10 kwa ajili ya vitako. Mpaka sasa tunakata kwa grinda. Mwezi uliopita mteja alinirudishia kabati ambalo halikuwa limemaliza hata wiki tatu: ukingo wote wa mlango ulikuwa umejaa vidoadoa vya kutu, vidogo kama punje za wimbi, nami nilikosa la kumwambia, kwa kuwa ndimi niliyemhakikishia kwamba chuma hicho hakishiki kutu. Nimeweka akiba ya kununua mashine ya plazma, ile inayokata kwa mkondo wa gesi yenye joto kali mno unaopitisha umeme. Je, itaniondolea tatizo hili, au ni afadhali mabati yapelekwe Eneo la Viwanda yakakatwe kwa leza, yaani mwali mkali wa mwanga? Naomba pia kuelezwa kwa nini gesi inayokata chuma kinene inashindwa na bati hili jembamba.

Mwendesha leza, Eneo la Viwanda

Pole kwa hasara hiyo. Kabla hujagusa akiba yako, nikuulize: je, diski mnayokatia chuma cha pua ndiyo hiyo hiyo mnayokatia chuma cha kawaida? Vidoadoa vinavyokaa ukingoni peke yake mara nyingi ni chembe za chuma cha kawaida zilizobebwa na diski zikajibandika kwenye bati, nazo ndizo zinazoanza kushika kutu. Chuma cha pua hulindwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu, ambao hujijenga upya ukipata hewa, ila hauwezi kujijenga vizuri palipofunikwa na chembe hizo, wala palipounguzwa na grinda hadi pakageuka rangi ya samawati.

Utando huo huo ndio unaoishinda gesi. Moto wa oksijeni na asetilini hukipasha chuma cha kawaida hadi nyuzi 900 hivi, kisha mkondo wa oksijeni hukiunguza, na oksidi yake, ambayo huyeyuka mapema kuliko chuma chenyewe, hupeperushwa nje. Oksidi ya kromiamu haikubali kuyeyuka kwenye joto hilo, kwa hiyo hubaki kama ngao. Alumini nayo ni vivyo hivyo: yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, ilhali oksidi yake hungoja mpaka zaidi ya 2,000.

Plazma hukata chochote kinachopitisha umeme, lakini kwa hewa ya kompresa ukingo wa chuma cha pua hutoka mweusi na wenye magamba, nanyi mtarudi kuusugua kwa grinda ile ile. Mkato wa leza una upana wa sehemu ndogo ya milimita tu. Mkipata bei ya chini sana, ulizeni kwanza kama watatumia nitrojeni au oksijeni, kwa sababu nitrojeni huacha ukingo unaong'aa, na oksijeni huuacha umeungua.

Fundi mzee, Kamukunji

Mwanangu, mwenzangu amesema kweli, ila hesabu mikato yako. Meza ya jikoni ina mikato mingapi isiyonyooka? Ni tundu la sinki na labda pembe mbili. Mikato iliyonyooka ipeleke kwenye gilotini, mashine ya kisu kirefu ambayo hukata bati la unene huo kwa pigo moja, bila moto, bila cheche na bila bati kujipinda kwa joto. Leza ilipie matundu peke yake. Vile vipande vya milimita 10 ni vya gesi. Huna haja ya kuvinunulia mashine.

Fundi wa vioo, Ngara

Naongeza jambo moja kwa kuwa umetaja makabati ya chipsi. Vioo vya kuhimili joto hukatwa na kutobolewa kabla ya kuimarishwa tanuruni. Baada ya hapo hata mashine ya maji, inayokata matale kwa mchanga mkali na shinikizo la takriban baa 4,000, itakipasua kioo vipande vipande. Tafadhali peleka vipimo kamili tangu mwanzo.

Muulizaji, Kariobangi

Asanteni sana, na wewe mzee nakushukuru kwa heshima zote. Nimekagua karakana leo asubuhi: diski ni moja kwa kazi zote, kama mlivyohisi. Nimetenga diski za chuma cha pua kwenye sanduku lake. Je, kabati lililorudishwa linaokoleka?

Fundi mzee, Kamukunji

Linaokoleka. Sugua ukingo kwa diski mpya, upake asidi ya limau iliyokorogwa kwa maji, uiache kwa muda, kisha usuuze vizuri na kukausha. Na ile brashi ya waya unayosafishia welding, kama nyuzi zake ni za chuma cha kawaida, isiguse kabati hilo tena.